Binti Niliyemlea Alikataa Nimvalishe Skafu

Admin, jina langu lifiche na la shule pia, maana huku Mkalama watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Wakubwa zangu humu shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa, sijajaliwa kuzaa. Ninaye binti mmoja wa miaka kumi na mbili, tumwite Tumaini. Nasema ninaye kwa mazoea tu, mtaelewa mkisoma.

Tumaini ni mtoto wa mdogo wangu. Alimzaa akiwa bado msichana, mtoto alipoanza kukaa akaniletea, yeye akaenda Kahama kutafuta maisha. Hakumtupa, nisimsingizie. Alikuwa anatuma nguo za sikukuu, anapiga simu akikumbuka. Lakini kuota meno, malaria, darasa la kwanza, vyote hivyo ni mimi na mume wangu. Mtoto hatukumficha kitu. Tangu apate akili alijua aliyemzaa ni yule wa Kahama, ila aliyekuwa anamwita mama ni mimi.

Shuleni mimi ndiye mlezi wa skauti, na jamani ile kazi naipenda. Kila mwaka makundi ya skauti ya shule za huku kwetu yanakutana kwa sherehe ya ahadi na mashindano ya gwaride na ngoma, na mwaka huu maandalizi yaliniangukia mimi. Kuomba uwanja, kutafuta maturubai na spika, kupanga waamuzi, kugombana na walimu ambao kila mmoja anataka ngoma yake iwe ya mwisho eti ndiyo itakayokumbukwa. Watoto wangu niliwanoa mpaka wakawa wananikimbia wakiniona na filimbi. Tumaini ndiye alikuwa anaongoza wimbo kwenye ngoma yetu ya Kinyiramba, na siku hiyohiyo alikuwa anatoa ahadi yake ya uskauti.

Zamani mtoto akishatamka ahadi, kiongozi wa skauti ndiye alikuwa anamvalisha skafu shingoni. Mimi kwenye kikao nikasimama nikasema hapana, safari hii kila mtoto avalishwe na mzazi wake, wazazi nao wajisikie. Wenzangu wakakubali, wakanisifu sana. Ukweli ni kwamba nilitaka nimvalishe mwanangu mbele za watu, maana nimechoka kunong'onwa kisimani kwamba ni tasa. Hilo sikuwaambia.

Mdogo wangu nilimwalika mwenyewe. Nilimpigia simu nikamwambia njoo umwone mwanao anavyocheza. Akaja na mama yetu, amependeza, wakakaa mstari wa mbele. Mimi nilikuwa na kipaza sauti naita majina. Nilipofika kwa Tumaini nikamkabidhi mwenzangu kipaza sauti, nikachukua skafu, nikaenda kusimama mbele ya mwanangu. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Akanipigia saluti kama nilivyomfundisha, kisha akaniambia polepole, "Mwalimu, naomba anivalishe mama aliyenizaa." Shuleni huwa ananiita mwalimu, ni sheria yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Uwanja mzima unaangalia. Nikarudi kwenye kipaza sauti nikamwita mdogo wangu, mzazi wa Tumaini, apite mbele. Akaja, namna ya kuifunga skafu haijui, ikabidi nimwelekeze mimi. Watu wakapiga vigelegele. Ngoma ilipoanza Tumaini aliimba ambavyo sijawahi kumsikia akiimba, na kila akigeuka macho yake yako kule mstari wa mbele. Tukawa wa kwanza. Wenzangu wananitafuta wanipongeze, mimi niko nyuma ya turubai nalia, aliyeniona nikamwambia ni vumbi.

Jioni nyumbani mdogo wangu akasema anataka kumchukua mwanae. Ameolewa, amejenga, sasa ana uwezo. Nikamuuliza huo uwezo ulikuwa unasubiri mtoto ajue kujifulia? Nikasema mengi, mengine nayajutia. Mama yetu akaingilia, akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kaniambia mimi hayo, mama aliyetuzaa mimi na huyo tumbo moja! Nikamjibu kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mume wangu anasema mtoto hagombaniwi kama ng'ombe, nimwachie. Yeye mwenyewe tangu siku hiyo ugali haumalizi.

Mdogo wangu aliondoka akisema shule zikifungwa anakuja kumchukua. Juzi niliingia chumbani kwa Tumaini, nikamuuliza kwa upole kama kuna baya nililowahi kumfanyia. Akasema hakuna hata moja. Akasema alitaka tu mama yake amguse mbele za watu, ili watoto wenzake waache kumwambia aliachwa. Kumbe na yeye kuna maneno alikuwa anayabeba, na hajawahi kuniambia. Tukalia wote wawili pale kitandani. Halafu akanishika mkono akasema, "Mama, ukisema nisiende, sitaenda."

Namjua mtoto huyu, hasemi asichokimaanisha. Neno langu moja linatosha abaki, na hakuna mtu hapa nyumbani atakayeweza kumtoa. Lakini wakati ananiambia hivyo nguo zake zilikuwa tayari zimekunjwa, ziko ndani ya begi. Sikumjibu. Sasa kila asubuhi akiniamkia ananiangalia usoni, anasubiri. Ninyi mliolelewa na mama wakubwa, na ninyi mliowahi kufungua mlango mtoto akaondoka, nishaurini jamani, nimwambie nini?