Chumvi ya Dezső

Kwetu ukingoni mwa mto Tisza, jikoni ni kwa mwanamke, lakini moto ukiwashwa nje, chungu ni cha mwanamume. Sisi tunamenya, tunakata, kisha tunakaa kando na kusifu. Aliyeweka sheria hiyo simjui, ila ningempata angenitambua.

Rafiki yangu Piroska amekuwa akija kwenye kambi yetu ya uvuvi na mumewe, Dezső, kila kiangazi tangu waoane. Dezső ana jina kambi nzima kwa mapishi yake ya motoni. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata: homa ya mwaka juzi iliondoka na ladha yote ya ulimi wake, na aliyejua ni mkewe tu, pamoja nami niliyenong'onezwa. Dezső akitia chumvi, Piroska huonja kwa kificho. Ikitosha, anakohoa.

Mwaka huu binti yao, Emőke, alikuwa karibu kujifungua huko mjini Szeged, mimba ya kwanza. Piroska alishafunga begi.

"Niache nipande basi la jioni, baba Emőke. Mtoto ananiita."

"Jumapili tutakwenda sote. Kwani wewe ndiye mkunga?"

Siku hiyo mto ulijaa tope na samaki hawakugusa ndoano. Tukakusanya tulivyokuwa navyo: viazi, vitunguu, soseji kavu za Lőrinc wa hema la pili, kipande cha mafuta ya nguruwe, nyanya mbili zilizopondeka na pilipili nyekundu ya unga. Dezső akavitumbukiza vyote chunguni.

"Mpishi hasa hahitaji samaki!" akajigamba.

Akatia chumvi, akatega sikio. Piroska akaonja, akanyamaza. Dezső akatia tena. Kimya. Akatia mara ya tatu, nami nikaogopa, na kufurahi pia, sikatai.

Mwishowe Dezső akaonja mbele ya watu. "Aah, imekolea! Leteni sahani!"

Lőrinc akatema tonge la kwanza. "Mzee, unatulisha au unatukausha kwa chumvi kama paja la nguruwe?"

Watu wakacheka. Lőrinc hakuishia hapo. "Lakini si umeonja sasa hivi? Ulimi umeupeleka wapi?"

Kicheko kikafa. Dezső akamtafuta mkewe kwa macho, kama mtoto aliyepotea sokoni. Angenyamaza kidogo tu, Piroska, mchezo ungekwisha hapo hapo na basi lingemkuta kituoni.

"Ni mimi," akasema. "Alipokwisha kuonja, nikaongeza. Nilidhani haijatosha."

"Si tunasema siku zote? Mwanamke na chungu cha nje wapi na wapi!" Lőrinc akadakia.

Uso wa Dezső ukang'aa tena. "Msameheni," akasema, huku akitikisa kichwa. "Hajazoea."

Nilitamani kummwagia chungu kizima.

Tukaongeza maji na viazi, tukala hivyo hivyo. Piroska akaingia hemani kuchukua begi, mumewe akamfuata. Kitambaa si ukuta, nikasikia.

"Umeona mwenyewe, mke wangu," Dezső alisema, na alikuwa analia. "Leo bila wewe ningeumbuka. Sasa nikuache uende, kesho nani ataniokoa?"

Simu ikaita humo ndani. Piroska akaiacha iite kwa muda, kisha akapokea.

"Jikaze, mwanangu," akasema. "Jumapili."