Ukoo Wetu Umekimbia Kipimo cha Tezi Dume

Leo nimemkana kaka yangu wa tumbo moja, tena akiwa kitandani hospitali!

Ana saratani ya tezi dume. Tulipoenda kumwona, nesi akatuambia sisi ndugu wa damu nasi tupimwe, maana hatari yetu ni kubwa.

Jamani! Watu walewale waliogombania ng'ombe wa mahari ya binti yake kwa kudai ni "damu moja" wakageuka majirani. Mmoja akasema yeye ni bodaboda tu, kaleta abiria.

"Na wewe babu?" nesi akanigeukia mimi.

"Mimi mchungaji, nimekuja kuombea wagonjwa."

Kaka akainuka: "Nesi ng'wanawane, mwanangu, huyo mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Mkamate!"

Nimetolewa damu. Majibu Ijumaa, na tangu mchana ugali haupiti.

Chekeni, ila aliyepimwa aandike hapa chini nimwone.