Mikono ya Kumkama

Baba alikamatwa Oktoba ya mwaka 1990, mikono yake bado inanukia maziwa. Walisema ni kibaraka wa waasi waliovuka mpaka. Wakamfungia kwenye uwanja wa mpira pamoja na wengine wengi. Sisi pale mtaani kwetu Niboye tukabaki wanawake wawili, mama na mimi, na ng'ombe mmoja chotara aliyekuwa amezaa wiki ile ile.

Ng'ombe yule alikuwa na maziwa mengi kuliko tumbo la ndama wake. Baba ndiye aliyemkama asubuhi na jioni, kwa sababu kwetu mwanamke hakami. Ataosha vyombo vya maziwa, atasukasuka siagi, atabeba samadi kichwani, lakini chuchu haigusi. Kwa mama, mke akikama ni kuutangazia mtaa kwamba nyumba haina mume. Nani aliweka sheria hiyo sijui; najua tu kwamba hakuwa ng'ombe.

Siku mbili za kwanza jirani yetu, fundi cherehani, alikuja kutukamia. Siku ya tatu alisimama nje ya ua, hakuingia.

"Mama, mimi iko na watoto," alisema. "Wakiona naingia hapa, watasema na mimi ni kibaraka."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wetu alikuwa rafiki wa siku mbili. Nilimtukana kimoyomoyo mpaka akafika kwake. Leo simlaumu sana.

Kiwele kikavimba, kikawa kigumu na cha moto. Ndama akitaka kunyonya, ng'ombe anampiga teke, kisha analia mchana kutwa.

"Atakufa, mama. Niache nimkame."

"Oya, hapana. Baba yako iko hai," alijibu. "Mikono ya kumkama ipo, inakuja."

"Na isipokuja?"

Alinizaba kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Kisha akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akawa anakanda kiwele, anazikwepa chuchu, analia pamoja na mnyama. Niliwachukia wote: waliomkamata baba, jirani, mama, hata baba mwenyewe.

Kila siku mama alitembea hadi uwanjani na chakula cha baba, akampa askari mlangoni, akangoja arudishiwe bakuli. Bakuli tupu ndilo lililokuwa barua yetu: amekula, yupo. Siku ya sita, mama alipoondoka tu, nilichukua icyansi, kile chombo cha mti ambacho baba alikamia, nikachuchumaa. Kwanza yalitoka mabonge yenye damu. Baadaye yakaja maziwa. Ng'ombe akanyamaza. Nilikama huku namwomba Mungu mama achelewe.

Hakuchelewa. Niliona kwanza miguu yake mlangoni mwa zizi, kisha bakuli. Lilikuwa bado limefungwa kwa kitambaa chake cha asubuhi, na lilikuwa zito.

"Wamesema nisilete tena," alisema.

Nilisimama, nikangoja kofi. Nilitamani anipige. Hakunipiga. Aliketi chini palepale kwenye samadi, akaitazama mikono yangu.

"Endelea kukama," alisema. "Maliza chuchu zote nne."