Kidole Tumbo Kilichorudi Mwilini

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinipa rula, chupa mbili za wino na onyo. "Daktari akikosea anaumiza mgonjwa mmoja. Wewe ukikosea, hatutajua hata nani ameumia." Nilikuwa kijana wa mjini Nakuru, mwana wa fundi cherehani, na nilidhani kupanga karatasi ni kazi ya mteremko. Nilipangiwa masjala. Kwa ninyi mliozaliwa na kompyuta, hicho ni chumba cha kutunzia faili za wagonjwa. Chetu kilikuwa na rafu tatu, dirisha moja la kuhudumia foleni, na vumbi la kutosha kupanda mahindi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Tulikuwa katika miaka ya hamsini, na wengi niliofanya nao kazi wameshatangulia.

Mwaka wangu wa tatu, trekta ilileta mfanyakazi wa shamba la pareto kutoka upande wa Molo. Alikuwa na homa ya mapafu, anaweweseka, hawezi kutamka neno. Mkewe, Nekesa, alikuwa amemshika asianguke. Nikauliza jina. "Wafula," akasema. Shamba je? Akalitaja. Nikavuta faili ya Wafula wa shamba hilo nikampelekea dresa, yaani yule msaidizi wa daktari aliyefunga vidonda na kudunga sindano.

Faili ilieleza kwamba Wafula alipasuliwa hapo hapo kwetu miaka miwili kabla, akatolewa kidole tumbo, kile kijinyama kinachoning'inia kwenye utumbo na kuleta balaa kikivimba. Baada ya hapo alidungwa penisilini siku saba bila tatizo lolote. Nekesa alimnywesha mumewe vijiko vichache vya uji, akaondoka kutafuta pa kulala kwa jamaa zake mjini. Dresa akaisoma faili, akaridhika, akadunga penisilini. Haikupita nusu saa uso wa yule mtu ukavimba, pumzi ikakatika, akafa.

Daktari, mzungu mrefu asiyependa maneno, alishuku sindano mara moja. Akafungua faili, na faili ikamkatalia: siku saba, hakuna tatizo. Wakati huo huo meneja wa shamba alikuwa amepiga simu polisi kudai kwamba watu wake wana tabia ya kulishana sumu. Basi cha kushukiwa kikabaki ule uji wa Nekesa. Jioni hiyo hiyo Inspekta akamtia Nekesa ndani, na siku zile aliyepatikana na hatia ya kuua alinyongwa.

Kesho yake asubuhi, baada ya maiti kupasuliwa, Daktari aliniita kwa kelele iliyosikika mpaka jikoni.

"Karani! Soma hii faili. Sauti kubwa."

Nikasoma kwamba kidole tumbo kilitolewa.

"Nani alitoa?"

"Ni wewe, Bwana Daktari."

"Na leo mimi nimeona yeye ndani, mzima kabisa! Hata kovu hapana. Sasa imemea tena, kama viazi?"

Mngedhani hapo kila mtu angeshtuka. Wapi! Inspekta alisema Daktari aandike tu kwamba faili ilikosewa sehemu ya upasuaji, halafu tuendelee na habari ya sumu. Karani Mkuu naye alikasirika kusikia faili yake ikisingiziwa. "Hii ina mihuri miwili," akasema. "Hiyo maiti ina mhuri gani?" Nilisimama katikati ya wakubwa hao nikitamani kurarua karatasi zote za mkoa mzima.

Lakini hasira yangu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kanuni ilinitaka niulize mambo manne kabla ya kutoa faili: jina, jina la baba, shamba, na alama ya mwilini. Kwa sababu ya foleni nilikuwa nimezoea kuuliza mawili. Nikamwambia Daktari ukweli wote, kwamba huenda nilitoa faili ya mtu mwingine. Hakunitukana. Alivua miwani akasema, "Siku tatu. Tafuta jina ya huyu mtu."

Nikapanda lori hadi shambani. Nyapara, msimamizi wa vibarua, alinizungusha asubuhi nzima kwenye vikaushio vya pareto, mara yuko kazini, mara haelewi swali. Nilipomwambia kwamba Nekesa anaweza kunyongwa, akakaa kwenye gunia.

"Wafula ako kwao Bungoma. Babake ni mgonjwa," akasema. "Huyu aliyekufa ni Barasa, binamu yake. Alikuwa anamshikia nafasi."

Kushika nafasi lilikuwa jambo la kawaida mashambani, na sisi wa ofisini ndio pekee tuliojifanya hatulijui. Mtu akienda kwao kwa shida, ndugu yake alifanya kazi kwa jina lake, na akiugua aliugua kwa jina hilo hilo, ili kazi isiende kwa mwingine.

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Na nikisema, meneja anafukuza wote, hata mimi."

Akaniambia kwamba kabla ya kuja shambani hapo Barasa alichunga ng'ombe wa shamba moja upande wa Gilgil. Kesho yake nikashika lori jingine, nikapita Kikopey wakati huo ikiwa bado ni majani na upepo tu, hakuna harufu ya nyama choma ya kumsimamisha msafiri kama leo. Shamba lile lilikuwa na kizahanati, na dresa wake, mzee msafi mno, alinifungulia kabati na kunionyesha daftari kwa fahari. Nikasoma: *Barasa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakina kucha. Amedungwa penisilini, amevimba uso, nusura afe. Asidungwe tena.* Ilipigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu.

"Ulimpa karatasi yoyote aende nayo?" nikamuuliza.

"Karatasi ya nini?" akashangaa. "Si nimeandika hapa?"

Niliondoka bila kuaga, nisije nikamkosea heshima mzee wa watu.

Mochari tuliangalia mkono wa kushoto, na kidole kilikuwa vile vile. Daktari akaandika sababu ya kifo kuwa ni sindano, akatia sahihi bila kujitetea, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Nikadhani Nekesa atatoka saa hiyo hiyo. Ilichukua siku mbili zaidi! Fomu ya Inspekta ilisema kwamba mwanamke huyu amemuua Wafula, ilhali Wafula yuko hai, na hakukuwa na fomu ya kumwachilia mtu kwa kosa la namna hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Naivasha, kisha Thomson's Falls, nikarudi Nakuru kama Karani Mkuu mwenyewe, nikastaafu huko. Makarani wangu walinichukia kwa maswali niliyowalazimisha kuuliza pale dirishani. Orodha ilijaza ukurasa mzima na foleni ilifika barabarani. Sikuwahi kuwaeleza ilitoka wapi, kwa sababu ningelazimika kuwasimulia asubuhi niliyokwenda kumpokea Nekesa kituoni.

"Pole, mama," nilimwambia. "Lakini ungesema mapema kwamba ni Barasa, haya yote yasingefika hapa."

"Ningesema Barasa, shemeji angepoteza kazi," akajibu. "Hiyo nilificha, ni kweli. Kwani walimfanya nini huko hospitali?"

"Walimdunga penisilini. Kama ile ya Gilgil."

Alikuwa hajui. Siku zote zile kule seli walimuuliza habari za uji tu, asubuhi na jioni, uji, uji, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba mumewe alidungwa sindano. Akaketi kwenye ngazi.

"Nilikuwa nimesimama hapo kwa dirisha yako," akasema. "Kama ungeniuliza ni dawa gani inamkataa, ningekwambia. Hiyo haikuwa siri."