Mstari wa Kijani

Baba yangu, Mkenya aliyekuja Kasese kutafuta kazi ya saruji, alizoea kunionya: ujanja mwingi, mbele kiza. Nilimcheka. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Bwera, mji wa mpakani, na nilijiona fundi pekee wa upande ule aliyeujua mfumo wa kompyuta wa Linux.

Ndiyo maana nilifurahi kupita kiasi mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, muuza maharage aliyehamia kwa dada yake kule Karambi, upande wetu, aliponiletea tableti kuukuu. Ilienea kiganjani, haikuwa na laini ya simu, lakini ilinasa waifai na setilaiti za kuonyesha mahali ilipo, na ndani ilikuwa Linux tupu. Alitaka kitu kimoja tu, kuongea na binti yake aliyebaki ng'ambo, maana habari za waasi kule Beni zilikuwa mbaya na watu walivuka kila siku na magodoro kichwani.

Nilimwekea hicho kwa saa moja. Ningeishia hapo. Lakini kiburi kiliniwasha, nikaongeza programu niliyoiandika mwenyewe: kila aendako, tableti ichore mstari wa kijani kwenye ramani, na akifika kwangu, nakala ijitume kwenye kompyuta yangu. Sikumwambia. Nilitaka siku moja nimwonyeshe ashangae.

Siku za soko, akifuata maharage ng'ambo, mama huyo hakupita forodhani. Alivuka mto kwa njia za miguu kama nusu ya Bwera, na askari walitazama pembeni. Kisha hali ikachafuka, wakaletwa askari wapya wasiotazama pembeni.

Ijumaa moja alasiri pikapu ya jeshi ilisimama mlangoni kwangu. Mama alikuwa nyuma, katikati ya askari wawili, hana viatu. Mkubwa wao aliingia na tableti mkononi.

"Wewe ndio fundi? Huyu mama nasema hii kitu ulitengeneza wewe."

"Ndiyo, Afande."

"Na hii mustari?" Kidole chake kilifuata vivuko vyote vya mto, kimoja kimoja. "Hii ni kazi ya waasi. Nani aliweka?"

Ningesema ni mimi, mama angeshuka, na mimi ningepanda.

"Sijui, Afande. Mimi niliweka ya kuongea tu."

Mama alinitazama bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. "Mutoto yangu," alisema polepole, "umwambie muzuri. Miye sijue hata kuifungula."

Niliinama kuokota bisibisi ambayo haikuwa imeanguka. Niliposimama, pikapu ilikuwa inaondoka.

Dada yake alimtafuta kambi hadi kambi, wiki baada ya wiki, asimpate. Alinijia mara mbili kuuliza kama tableti ilikuwa na ubaya wowote. Nikamwambia sijui, nikampa kiti.

Lakini nilijua tangu jioni ile ile, nilipotaka kuzima kompyuta nikakuta nakala imeshaingia. Mstari ulitoka mtoni, ukakaa kwenye kizuizi cha jeshi kwa muda wa saa tatu hivi, kisha ukaja moja kwa moja kwangu bila kupinda popote. Kumbe mama alikuwa amewabembeleza askari muda wote ule, mpaka wakakubali kumleta nimsemee. Mstari unaishia mlangoni kwangu.