Jina la Fisi

Nilipokuwa mtoto nilikutwa nimejilaza ndani ya kikapu cha majani chai, katikati ya njia iendayo Kenyenya, miguu inaning'inia nje, macho nimeyafumba kama kichanga. Nilikuwa darasa la pili. Aliyenikuta ni Mama Kemunto, jirani yetu, mkungu wa ndizi kichwani.

"Wewe Nyakundi, nani amekutupa?"

"Niokote, mama. Unipe jina."

"Nikuokote na shingo ipi? Toka hapo nipite!"

Kicheko chake kilifika nyumbani kabla yangu.

Kisa chenyewe kilikuwa mdogo wangu. Baada yangu mama alizika watoto wawili, wote wakiwa bado wananyonya. Basi huyu alipozaliwa, nyanya akamlaza njiani kama mtoto asiye na mwenyewe. Mpita njia akamwokota, akamrudisha na jina: Nyang'au, yaani fisi. Mchawi, alisema nyanya, hali nyama ya fisi.

Na kweli, fisi wetu akanenepa. Kuku akitaga, yai ni lake. Akivunja kibuyu, anakumbatiwa asije akashtuka. Nikivunja mimi, fimbo. Mimi nilirithi jina la babu, marehemu aliyekumbukwa zaidi kwa kukoroma kanisani. Nani angenionea wivu?

Nimezunguka dunia tangu siku zile, nikadhani nimepona. Juzi juzi, kikazi kule Zagreb, nikaketi meza moja na Mkroatia aitwaye Vuk. Nikamuuliza jina lake lina maana gani.

"Mbwa mwitu," akasema, kifua mbele. "Ni jina la kale la Waslavi. Mtoto akizaliwa baada ya wenzake kufa, waliweza kumwita hivyo, ili wachawi wamwogope."

Mimi mzee mzima, mvi na kitambi, nikaona wivu ule ule wa utotoni. Kumbe hata Ulaya wako waliopendelewa! Chai yangu ikapoa nikimtazama kama niliyemkuta na yai langu mkononi.

Usiku ule nilielewa kwamba fisi mwenyewe sikumtaka hata kidogo. Nilitaka mtu aniogopee, angalau siku moja, jinsi mama alivyomwogopea yule mdogo. Asubuhi nikampigia mama simu.

"Mama, mbona mimi hukunipa jina la kinga?"

Jogoo wake akawika.

"Mwanangu, nilizika wawili ndipo jina hilo likaja. Ili ulipate wewe, ulitaka nizike nani?"