Safari ya Macho Iliyoishia Bunda

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika ghala la samaki la Musoma nilikokuwa karani wa mizani, niliandika kilo tisini kwa sangara wa kilo sitini. Mvuvi alinishukuru. Mnunuzi hakunishukuru. Nilipopima upya, namba zilikuwa bado ukungu mtupu, na mwenye ghala akanipa juma moja: nirudi ninaona, au nisirudi.

Baba yangu alikufa kipofu, akiongozwa kwa fimbo, na macho yake yalianza kufifia akiwa na umri kama wangu. Mimi shule niliishia darasa la nne. Mengine nimeyapata kwa kusoma peke yangu kila jioni, kibarazani kwetu Mwisenge. Kwa hiyo sikuogopa kupoteza kazi tu. Nilichukua akiba yetu yote, shilingi elfu tatu, niende Mwanza kwa daktari wa macho, nikipitia kwanza Butiama kumwona dada yangu Wakuru, wakati bado ninaweza kumwona.

Butiama nilifika alasiri, kwa lori lililokuwa likifuata pamba. Dada alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama. Waimbaji saba, kitabu kimoja, miwani moja. Aliyeanzisha ubeti alivaa miwani. Ubeti ulipokwisha, miwani na kitabu vilihamia kwa jirani, na wengine wakangoja. Mgeni angedhani kimya kile ni cha ibada.

Walipopumzika nilimweleza dada kwamba nimerithi macho ya baba. Akanivuta hadi mlangoni.

"Mura," alisema, maana hadi leo ananiita kijana, "yule ng'ombe kule mlimani ana rangi gani?"

"Mwekundu. Ana baka jeupe shingoni."

"Baba alikuwaga haoni hata zizi. Haya, vaa hii."

Nikavaa. Herufi za kitabu cha nyimbo zikasimama wima, nyeusi, kila moja mahali pake. Nilisoma ubeti mzima kwa sauti, kisha nikasoma wa pili bila kuombwa.

"Amenogewa huyu," alisema mama mmoja. "Wakuru, mwambie sheria."

Sheria yao ni kwamba anayevaa miwani ile mara ya kwanza ameingia rika lao, na anayeingia rika huleta sukari. Sukari ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani, baada ya miaka ya kunywa chai ya chumvi, kwa hiyo waliitaja bila haya: nusu kilo. Niliinunua. Tulikunywa chai tamu mpaka sufuria ikalala ubavu.

"Nilikuja kuaga, dada," nilimwambia.

"Umekuja kuzeeka. Wenzako tunazeekaga hapahapa, bila nauli."

Asubuhi ya pili nilikuwa Bunda, mahali pa kubadilishia basi la Mwanza. Sokoni, kati ya mitumba iliyokuwa imeanza kuruhusiwa, bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe kuliko zangu alikuwa na beseni la miwani. Hakuniuliza ninaona nini. Alinipa sindano na uzi.

"Tunga, mzee."

Nilitazama nyuma kuona anamwita nani. Kisha nikatunga. Kwa miwani ya kwanza nilijichoma kidole, ya pili nikapapasa, ya tatu uzi ukapita. Fremu yake ilikuwa nyekundu, pembe zimepinda kwenda juu.

"Lakini hii si ni ya kike?"

"Tundu la sindano halijui hilo, mzee."

Basi la Mwanza lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara. Niliivua miwani, nikasoma ubao wake vizuri kabisa kutoka pale nilipokuwa, nikaliacha liende.

Nyumbani Mwisenge, mke wangu aliikagua ile fremu nyekundu usoni pangu. "Umefanana na mwalimu wangu wa kushona," alisema, kisha akaniwekea gazeti magotini. Kesho yake ghalani, kilo sitini zilikuwa sitini, na safari hii aliyelalamika ni mvuvi.

Nilichojifunza ni kidogo: nilikuwa nimejiandaa kwa upofu kabla ya kujiuliza kama nimezeeka tu. Nauli, sukari na miwani nyekundu vilikula shilingi mia saba na hamsini. Kwenye kopo la akiba zilirudi elfu mbili mia mbili na hamsini.